Maswali ya Wasomaji: Hoteli Kongwe Inapobomolewa Kupisha Mradi Mpya

Safari hii karibu barua zote zilizotufikia zinahusu jambo moja, nalo ni hoteli za zamani zilizo katikati ya miji, ambazo wamiliki au mamlaka za mipango miji zimeamua zibomolewe ili kupisha majengo mapya. Tumechagua barua chache na kuzifupisha, na majibu yetu yanatofautiana kwa urefu kwa kuwa maswali yenyewe hayana uzito mmoja.

Swali: Ndugu Mhariri, mmiliki wa hoteli iliyokuwa fahari ya mji wetu anasema kwamba jengo halikarabatiki tena na kwamba njia pekee iliyobaki ni kulibomoa. Mwananchi wa kawaida atajuaje kama anasema kweli?

Jibu: Madai ya namna hiyo mara nyingi huchanganya mambo mawili yanayopaswa kutenganishwa, yaani udhaifu wa jengo na thamani ya kiwanja.

Udhaifu wa jengo hupimika. Mhandisi huchota vipande vya zege kutoka kwenye nguzo na sakafu akavivunje maabara ili ajue nguvu zake, huchunguza ni kwa kina gani zege limepoteza uwezo wa kuzilinda nondo dhidi ya kutu, na hufuatilia kwa miezi au miaka kama msingi unadidimia na kama unadidimia sawasawa pande zote. Matokeo huandikwa katika ripoti yenye saini ya mtu anayewajibika kitaaluma. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza mmiliki ni kama ripoti hiyo ipo na kama wananchi wanaweza kuisoma. Ikiwa haipo, hakuna aliyethibitisha kwamba jengo limechoka, hata kama rangi imebanduka na lifti zimesimama.

Thamani ya kiwanja ni suala jingine kabisa. Hoteli iliyojengwa zamani huwa na vyumba vyembamba, dari za chini katika ghorofa za wageni, ngazi chache kuliko zinavyotakiwa na kanuni za sasa za kujihadhari na moto, na wakati mwingine bafu moja kwa vyumba kadhaa. Kuta zinazotenganisha vyumba huenda ndizo zinazobeba sakafu, kwa hiyo haziondolewi bila gharama kubwa. Zaidi ya hayo, hoteli ya ghorofa nne au tano inaweza kuwa imekalia kiwanja ambacho kanuni za mji zinaruhusu kijengwe mnara wa ghorofa 30, na hapo ndipo hesabu ya mwendelezaji inapoanza kusomeka vingine. Mmiliki ana haki ya kusema kwamba hesabu zake hazitoki, ila hana haki ya kusingizia ubovu wa jengo ili hesabu hizo zikubaliwe.

Kuna nyakati ambapo sababu zote mbili ni za kweli. Imperial Hotel ya Tokyo, iliyosanifiwa na Frank Lloyd Wright, ilifunguliwa rasmi tarehe 1 Septemba 1923, siku ileile tetemeko kubwa la Kanto lilipoiharibu Tokyo, nayo ikabaki imesimama. Lakini ilipofika miaka ya 1960 ilikuwa imezama bila usawa katika udongo laini, na mawe yake ya Oya, ambayo kwa asili ni mepesi na yenye matundu, yalikuwa yameliwa na hewa chafu ya mji. Wakati huohuo ilikuwa hoteli fupi yenye vyumba vichache juu ya ardhi ya bei ya juu mno. Ilibomolewa kuanzia mwishoni mwa 1967 hadi 1968, na jengo refu lililochukua nafasi yake likafunguliwa mwaka 1970. Aliyesema jengo lilikuwa dhaifu hakudanganya, na aliyesema kilichotafutwa ni ardhi hakudanganya pia.

Swali la pili la kumwuliza mmiliki ni kama amechunguza matumizi mengine. Hoteli inageuka kuwa makazi kwa urahisi kuliko jengo la ofisi, kwa sababu kila chumba tayari kina dirisha lake na kiko karibu na mabomba ya maji, ilhali ofisi kubwa huwa na maeneo ya katikati yasiyofikiwa na mwanga. Jimbo la California lilitumia sifa hiyo kuanzia mwaka 2020 kupitia mpango uitwao Homekey, uliowezesha kununuliwa kwa hoteli na moteli ili zigeuzwe kuwa makazi ya watu wasio na nyumba.

Mazingira nayo yana hoja yake, hoja ambayo waendelezaji huigeuza kwa kusema kwamba jengo jipya litatumia umeme kidogo. Hilo huenda likawa kweli. Hata hivyo, kutengeneza saruji na chuma kipya hutoa hewa ukaa nyingi kabla mgeni wa kwanza hajaingia, na deni hilo hulipwa polepole. Utafiti uliotolewa mwaka 2012 na shirika la Marekani la kuhifadhi majengo ya kihistoria, National Trust for Historic Preservation, ulikadiria kwamba jengo jipya lenye ufanisi wa nishati uliozidi wa jengo la zamani kwa asilimia 30 huchukua kati ya miaka 10 na 80 kufidia athari za tabianchi zilizotokana na ujenzi wake. Tofauti hiyo kubwa inategemea aina ya jengo na mahali lilipo, kwa hiyo anayetaja ufanisi wa nishati kama sababu ya kubomoa anapaswa kuonyesha hesabu ya jengo lake mwenyewe.

Swali: Duka langu limeshikana ukuta na hoteli itakayobomolewa. Nimeona picha za hoteli zikiangushwa kwa baruti kwa sekunde chache. Je, nitarajie hivyo, na nijilinde vipi?

Jibu: Katikati ya mji, tena jengo likiwa limeshikana na la jirani, baruti haielekei kutumika. Njia hiyo ilijulikana sana kupitia hoteli, hasa za Las Vegas, ambako Dunes iliangushwa mwaka 1993, Sands mwaka 1996 na Tropicana mwezi Oktoba 2024, lakini hoteli hizo zilikuwa na nafasi pana kuzizunguka. Baruti yenyewe haivunji jengo zima. Huwekwa kwenye nguzo teule na kulipuliwa kwa kupishana kwa sehemu ndogo za sekunde, kisha uzito wa jengo ndio unaolishusha. Kosa katika mpangilio huo halisahihishiki. Mwaka 1997, mjini Canberra nchini Australia, hospitali ya zamani ililipuliwa mbele ya umati mkubwa wa watazamaji, na kipande cha chuma kilichorushwa zaidi ya mita 400 kikamuua msichana wa miaka 12. Ukialikwa kutazama tukio la aina hiyo, baki nyumbani.

Kinachotarajiwa kwako ni ubomoaji wa kushuka ghorofa moja baada ya nyingine. Kwanza umeme, gesi na maji hukatwa barabarani na si ndani ya jengo tu. Kisha hufuata uondoaji wa vitu vyenye madhara, hatua ambayo mimi huiona nzito kuliko zote kwa sababu wapita njia hawaioni na mkandarasi mwenye haraka hushawishika kuiruka. Hoteli zilizojengwa au kukarabatiwa kabla ya miaka ya 1980 mara nyingi zina asbestosi, yaani madini ya nyuzinyuzi yanayostahimili moto, katika vifuniko vya mabomba ya maji moto, kwenye boila, katika vigae vya sakafu na katika tabaka lililopuliziwa vyuma ili visiungue upesi. Shirika la Afya Duniani linazihesabu aina zote za asbestosi kuwa chanzo cha saratani, na magonjwa yake hujitokeza miongo kadhaa baada ya mtu kuvuta vumbi hilo. Rangi za zamani nazo huweza kuwa na madini ya risasi. Vitu hivyo vinapaswa kutolewa na mafundi wenye mavazi maalumu, eneo likiwa limezibwa, kabla nyundo ya kwanza haijagonga ukuta.

Baada ya hapo ekskaveta ndogo hupandishwa juu kwa kreni na kuanza kula sakafu kuelekea chini, huku sakafu za chini yake zikiwa zimetegemezwa kwa nguzo za muda. Ni hapa ndipo ajali nyingi hutokea, kwa sababu vifusi vikiachwa vikusanyike, sakafu iliyosanifiwa kubeba vitanda na wageni hujikuta inabeba mzigo mzito mara kadhaa kuliko huo. Zipo mbinu za ustaarabu zaidi. Hoteli ya Grand Prince Akasaka mjini Tokyo, iliyokuwa na urefu wa takriban mita 140, ilibomolewa kati ya 2012 na 2013 kwa kuifunika sehemu ya juu kama kofia, kazi ikafanyika ndani ya kifuniko hicho, na kifuniko chenyewe kikateremshwa kwa jeki kila ghorofa ilipokwisha. Kwa aliyetazama kutoka mbali, jengo lilionekana linafupika tu. Gharama zake, bila shaka, si za kila mkandarasi.

Kuhusu kujilinda, jambo kubwa ni kumbukumbu ya hali ya duka lako kabla kazi haijaanza. Mtaalamu asiyeegemea upande apige picha kila ufa uliopo, apime upana wake na aandike tarehe, kisha wewe na mkandarasi mtie saini nakala zote. Bila hati hiyo, kila ufa utakaotokea utaambiwa ulikuwepo zamani. Katika Uingereza na Wales, sheria ya kuta za pamoja ya mwaka 1996 inamlazimu anayejenga kumpa jirani taarifa ya maandishi, ikiwa ni pamoja na pale anapochimba ndani ya mita 3 kutoka jengo la jirani na kwenda chini kuliko msingi wake. Hata pale ambapo sheria haisemi hivyo waziwazi, hakuna kinachokuzuia kuomba taarifa hiyo pamoja na vipima mtetemo kwenye ukuta wako. Zingatia pia kwamba hatari haiishi jengo linapokwisha, kwani kuta za ghorofa za chini ya ardhi zinazuia udongo ulio chini ya duka lako, na zikiondolewa kabla ya kutegemezwa, udongo huo utafuata.

Swali: Wasanifu wameahidi kubakiza ukuta wa mbele wa hoteli na kujenga mnara nyuma yake. Je, huko ni kuhifadhi au ni kutufumba macho?

Jibu: Inategemea ni nini kilichokuwa na thamani. Ikiwa hoteli ilipendwa kwa sababu ya namna inavyoupamba mtaa, kubakiza ukuta wa mbele kunabakiza sehemu kubwa ya kilichopendwa. London kuna mfano wa siku nyingi wa Hotel Cecil, iliyofunguliwa mwaka 1896 ikiwa na vyumba 800 hivi. Sehemu yake kubwa ilibomolewa mwaka 1930 ili kujenga Shell Mex House upande wa mto Thames, lakini upande unaotazama barabara ya Strand ulibaki, na wengi wanaopita hapo hawajui kwamba nyuma yake kuna jengo jingine.

Hata hivyo, hoteli ni jengo linalokumbukwa kwa ndani. Watu huoana katika ukumbi wake, hufunga mikataba kwenye viti vya mapokezi na hupanda ngazi zake wakiwa wamevaa vizuri, na ukuta wa mbele hauhifadhi lolote kati ya hayo. Wajapani wamelijaribu tatizo hili kwa njia mbili zinazostahili kulinganishwa. Ukumbi wa kuingilia wa Imperial Hotel niliyoitaja juu ulihamishiwa Meiji-mura, jumba la makumbusho la wazi karibu na mji wa Inuyama, ambako ulijengwa upya na kufunguliwa kwa watazamaji mwaka 1985. Umenusurika, ila sasa ni kitu cha kutazamwa, mbali na mji uliokuwa ukiutumia. Hotel Okura ya mwaka 1962 ilipofungwa ili ibomolewe mwaka 2015, licha ya malalamiko kutoka nchi nyingi, ukumbi wake maarufu wa mapokezi uliosanifiwa na Yoshiro Taniguchi uliundwa upya ndani ya jengo jipya lililofunguliwa mwaka 2019, kazi hiyo ikiongozwa na mwanawe, Yoshio Taniguchi, ambaye naye alikuwa msanifu majengo. Hapo kuta ni mpya lakini watu bado wanakutana chini ya taa za mtindo uleule. Mimi naegemea njia ya Okura, ingawa najua wahifadhi wengi wataiita nakala.

Lililo muhimu kwenu ni kwamba ahadi ya kubakiza ukuta iandikwe ndani ya kibali, ikiwa na michoro ya jinsi ukuta utakavyoshikiliwa kwa fremu ya chuma wakati jengo la nyuma linapoondolewa. Ukuta uliokuwa ukitegemezwa na sakafu tano hausimami peke yake, na si mara moja imetangazwa kwamba ukuta wa kihistoria "umeanguka kwa bahati mbaya" usiku.

Swali: Milango, taa na marumaru za hoteli zitakwenda wapi?

Jibu: Mikataba mingi humpa mkandarasi umiliki wa vyote vinavyotoka ndani ya jengo, naye huwa ameshapunguza bei yake kwa kutegemea kuviuza. Anayetaka vitu fulani vibaki mjini, kwa mfano katika makumbusho, ahakikishe vimeorodheshwa kabla mkataba haujasainiwa. Vifusi vya zege husagwa na kutumiwa zaidi kama tabaka la chini la barabara, na nondo huyeyushwa upya. Haikuwa hivyo daima, kwani Waldorf-Astoria ya kwanza mjini New York ilipobomolewa kuanzia mwaka 1929 ili Empire State Building ijengwe mahali pake, sehemu kubwa ya mabaki yake ilitupwa baharini.

Swali: Baadhi ya vyumba katika hoteli hiyo vimekuwa makazi ya wazee wanaolipa kwa mwezi. Katika mikutano ya mradi hakuna anayewataja. Wana haki gani?

Jibu: Haki zao zinategemea sheria za mahali walipo, na hatua ya kwanza ni kupata ushauri wa mwanasheria kama wanahesabiwa wageni au wapangaji, kwa sababu aliyelala hotelini usiku mmoja na aliyekaa miaka kumi hawapaswi kupewa taarifa ileile ya kuondoka. Stakabadhi za malipo ya kila mwezi, barua zilizotumwa kwa anwani ya hoteli na vitambulisho vyenye anwani hiyo ni ushahidi, na visitupwe.

Kutowataja katika mikutano ni jambo la kawaida, na linaumiza. Hoteli ambazo zamani zilikuwa za wasafiri zikishuka hadhi huwa makao ya vibarua, wastaafu na watu wasio na familia, na miji inapotangaza kwamba eneo limechakaa, huhesabu majengo kuliko watu. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha International Hotel ya San Francisco, iliyokaliwa na wazee wengi wao wakiwa Wafilipino na Wachina. Walianza kupambana na amri za kuwaondoa mwishoni mwa miaka ya 1960. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Agosti 1977 polisi waliwatoa kwa nguvu, huku maelfu ya waliowaunga mkono wakiwa wamejipanga kuuzingira mlango. Jengo likabomolewa, na kiwanja kilichodaiwa kuhitajika upesi kikabaki shimo tupu kwa zaidi ya miaka 20. Jengo jipya lenye makazi 104 ya wazee wa kipato cha chini lilikamilika hapo mwaka 2005. Aliyekuwa na miaka 70 usiku ule angekuwa na miaka 98.

Mji huohuo ulitunga sheria, iliyopata sura yake ya kudumu mwaka 1981, inayomtaka anayebomoa au kubadilisha matumizi ya vyumba vya hoteli vinavyotumika kama makazi aviweke vingine mahali pake au alipe fedha za kuvijenga. Ikiwa mji wenu hauna sheria kama hiyo, bado mnaweza kudai kwamba makazi mbadala yawe sharti la kibali, na kwamba yawe tayari kabla ya kuhama. Hilo la kuwa tayari ndilo la kushikilia, kwa sababu ahadi ya kurudishwa mradi ukikamilika haimfai mtu wa umri wao. Wafanyakazi wa hoteli nao wadai barua inayoonyesha stahili zao kabla kampuni inayomiliki jengo haijabadilika, kwa kuwa madai dhidi ya kampuni iliyokwisha kuvunjwa ni magumu mno kuyafuatilia.

Swali: Mamlaka inasema tuharakishe kubomoa kwa sababu mwekezaji akichoka atakwenda kwingine. Je, hoja hiyo ina nguvu?

Jibu: Ina nguvu upande usiotarajiwa. Mwekezaji anayeweza kuondoka kabla ya kubomoa anaweza pia kuondoka baada ya kubomoa, na hapo mji umebaki bila hoteli na bila mradi. Chicago iliondoa karibu majengo yote ya kitalu kizima katikati ya mji, kinachoitwa Block 37, mwaka 1989. Mji ulikuwa umefuta ulinzi wa kihistoria wa jengo la McCarthy, lililojengwa mara baada ya moto mkubwa wa mwaka 1871, ili mradi usikwame. Soko la ofisi likashuka, mradi ukakwama hata hivyo, na kwa miaka mingi kiwanja hicho kikatumika kwa michezo ya barafu wakati wa baridi na mafunzo ya sanaa kwa vijana wakati wa kiangazi. Jengo la maduka lililokuja baadaye lilifunguliwa takriban miaka 20 tangu majengo ya awali yaondolewe.

Kinga dhidi ya hali hiyo haihitaji ubunifu mkubwa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1990 kuhusu majengo yaliyoorodheshwa, yaani yanayolindwa kwa thamani yake ya kihistoria, inaruhusu kibali cha kubomoa kiwekewe sharti kwamba kazi isianze hadi mkataba wa ujenzi mpya uwe umesainiwa na idhini ya mipango miji iwe imetolewa. Ningeongeza dhamana ya benki inayotosha angalau kumaliza msingi na fremu ya jengo jipya. Mwekezaji mwenye fedha hatapata tabu kutimiza masharti hayo, na yule atakayelalamika kwamba yanamchelewesha atakuwa amewaonyesha mapema kwamba fedha bado anazitafuta.

Katika muda huo wa kusubiri, jengo lisiachwe likaoza, maana kuna wamiliki wanaong'oa paa ili mvua iwasaidie kupata kibali. Mamlaka itoe amri ya matengenezo ya lazima, yaani paa lizibwe, madirisha yafungwe, maji yasituame na mlinzi awepo usiku, na gharama zikikataliwa ziandikwe kama deni juu ya kiwanja. Uondoaji wa asbestosi na samani unaweza kuruhusiwa uendelee, kwa kuwa utahitajika iwe hoteli inabomolewa au inakarabatiwa.